Uchambuzi wa kisa: kulungu aliyevuka uzio katika msimu wa mwisho wa gobore, kusini mwa Iowa

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea kusini mwa jimbo la Iowa, Marekani, katika msimu wa mwisho wa kuwinda kulungu kwa gobore. Majina ya watu, wilaya, mwaka na alama zote zinazoweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa, na vipimo vya ardhi vimetolewa kwa kukadiria. Wawindaji wawili, ambao nitawaita K. na S., wameyasoma maelezo haya na wameridhia yatumike kufundishia. Wote wawili wanazungumza Kiswahili na walihamia Iowa kutoka eneo la Maziwa Makuu ya Afrika, kama walivyofanya Waswahili wenzao wengi wanaoishi leo Des Moines, Cedar Rapids na Iowa City.

Nimekichagua kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa, hakuna mtu aliyeumia, na sehemu kubwa ya nyama iliokolewa, lakini hata hivyo mnyama aliyepigwa risasi alasiri alipatikana asubuhi iliyofuata akiwa ameliwa kiasi na koyote, mbwa-mwitu wadogo wa Amerika. Kati ya risasi na asubuhi ile palikuwa na uzio mmoja wa seng'enge, na karibu kila uamuzi uliofanywa ulihusu uzio huo.

Usuli: msimu na sheria

Msimu wa mwisho wa gobore Iowa huanza baada ya katikati ya Desemba, misimu miwili ya shotigani ikishapita, na humalizika tarehe 10 Januari. Kulungu mkia-mweupe wa wakati huo si yule wa Novemba. Kilele cha kupandana, ambacho Iowa huwa katikati ya Novemba, kimepita, madume yamekonda, baridi imekaza, na kinachomtoa mnyama mafichoni ni njaa. Hulala mchana kwenye miteremko inayotazama kusini, ambako jua la majira ya baridi hupasha ardhi na kilima huzuia upepo wa kaskazini, kisha hutoka jioni kwenda kwenye mahindi au soya iliyobaki shambani. Zaidi ya hayo, amekwisha kusikia milio ya bunduki kwa majuma kadhaa, na anajua vizuri kuliko mwindaji yeyote ni ardhi ipi ina watu na ipi haina.

Ardhi yenyewe ndiyo ugumu wa kwanza. Zaidi ya asilimia 95 ya Iowa ni mali ya watu binafsi. Ardhi ya umma ipo katika maeneo ya wanyamapori yanayosimamiwa na Idara ya Maliasili ya jimbo, katika ardhi ya serikali kuu inayozunguka mabwawa makubwa, na, kwa namna ya pekee, katika mashamba ya watu binafsi yaliyoingizwa kwenye mpango wa jimbo ulioanza mwaka 2011, ambao mwenye shamba husaidiwa kuboresha makazi ya wanyama naye huruhusu umma kuingia kwa miguu kuwinda. Vipande hivi vyote vimezungukwa na mashamba ambayo mtu haingii kuwinda bila ruhusa.

Sheria zinazohusu kisa hiki ni chache. Gobore lazima liwe na kipenyo kati ya inchi 0.44 na 0.775 na lirushe risasi moja. Muda wa kupiga ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Mwindaji huvaa nguo ya kiwiliwili ya rangi ya chungwa inayong'aa, na kofia peke yake haitoshi. Lebo ya leseni hufungwa kwa mnyama ndani ya dakika 15 tangu alipopatikana akiwa amekufa, au kabla hajasogezwa, lolote litakalotangulia, na taarifa hutolewa kwa Idara kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata.

Kuhusu mipaka, sheria ya Iowa ya kuingia ardhi ya mtu bila idhini ina kifungu ambacho wengi hawakijui: kumfuata bila silaha mnyama aliyejeruhiwa au kuuawa kihalali, ambaye amekimbilia au kuangukia ardhi ya mtu mwingine, hakuhesabiwi kuwa ni uvamizi. Mkazo uko kwenye maneno "bila silaha". Sheria nyingine inakataza kumulika shamba au pori kwa taa ili kutafuta mnyama huku mtu ana bunduki. Kwa hiyo anayemfuata mnyama usiku kwenye ardhi ya jirani anakatazwa kubeba bunduki na sheria mbili kwa pamoja.

Eneo, watu na vifaa

Eneo la umma lilikuwa la ekari 400 hivi: bonde la kijito kinachotiririka kuelekea mashariki, msitu wa mialoni, na mteremko unaopanda upande wa kaskazini. Nusu ya juu ya mteremko huo, ambayo imejaa mierezi iliyosongamana, ilikuwa ng'ambo ya uzio, kwenye malisho ya ng'ombe ya mtu nitakayemwita jirani wa kaskazini. Upande wa mashariki palikuwa na shamba la mkulima mwingine, ambaye vuli ile ya mvua nyingi ilimzuia kuvuna kipande cha mahindi kando ya kijito. K. alikuwa na ruhusa ya maandishi ya kuwinda kwenye shamba hilo la mashariki pamoja na mwenzake mmoja. Jirani wa kaskazini alikuwa amemkatalia miaka miwili kabla, na K. hakurudi tena kwake.

Picha ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetembea pale baada ya theluji ya kwanza. Nyayo za watu zilijaa kwenye ardhi ya umma. Njia za kulungu zilishuka kutoka kwenye mierezi ya jirani, zikavuka seng'enge, zikakata kona ya ardhi ya umma, kisha zikaingia kwenye mahindi. Wanyama walilala kwa mtu mmoja, wakapita kwa umma, wakala kwa mtu wa tatu.

K. ni mwindaji wa miaka mingi. S. alikuwa katika msimu wake wa pili. Alikuwa amemaliza mafunzo ya uwindaji, ambayo Iowa humlazimu kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972, na alikuwa na leseni ya kulungu wa jinsia yoyote. Lengo lake lilikuwa nyama ya nyumbani, na jike mkubwa alimtosha.

Gobore lake halifanani na magobore ya kienyeji ambayo wasomaji wa Tanzania huyasikia katika habari za ujangili. Lilikuwa la kiwandani, la kipenyo cha inchi 0.50, lenye darubini na kizibo cha nyuma kinachofunguka, na fataki yake, yaani kidude kinachowasha baruti, ni ileile ya namba 209 inayotumika katika risasi za shotigani. Lakini kazi ni ileile ya kale: baruti inatiwa kwa mdomoni, risasi inafuata, na vyote vinashindiliwa kwa mdeki, yaani ufito wa kushindilia. S. alitumia vidonge viwili vya baruti mbadala vya greni 50 kila kimoja (greni ni kipimo kidogo cha baruti na risasi), na risasi ya greni 250 iliyovishwa gamba la plastiki. Alikuwa amejizoeza vya kutosha kupiga mita 100 akiwa ameegemeza mtutu.

Siku mbili kabla: fataki iliyolia peke yake

Jioni ya kwanza wawili hao walikaa kwenye shamba la mashariki, kusini-mashariki mwa mahindi, kwa kuwa upepo ulitoka kaskazini-magharibi. Mchana S. alikuwa ameweka gobore lililokwisha kushindiliwa ndani ya gari lililowashwa hita, bila fataki, kama sheria inavyotaka wakati wa kusafiri. Kulungu alitokea kwa umbali wa mita 70. S. alivuta, fataki ikalia, baruti haikushika. Mnyama akakimbia.

S. alifanya vizuri alichofundishwa: aliuelekeza mtutu ardhini mahali salama na kukaa hivyo kwa dakika mbili, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa kushika na kulipuka mtu akiwa ameanza kukagua. Walipofungua kizibo walikuta kidonge cha nyuma kimelowa. Chuma kilichotoka kwenye baridi kali kikaingia kwenye hewa ya joto kilikuwa kimekusanya unyevu, nao unyevu ulipata njia hadi kwenye baruti, ambayo kwa asili yake hunyonya maji.

Kuanzia hapo utaratibu ulibadilika. Gobore lililala kwenye buti la gari, ndani ya mfuko wake, kwenye baridi ileile ya nje. Kabla ya kushindilia, tundu la fataki lilipanguswa kwa spiriti, na fataki mbili zikapigwa tupu ili kuchoma mafuta yaliyobaki. Mdomo wa mtutu ulifunikwa kwa kipande cha utepe wa umeme kuzuia theluji. Risasi hupita bila kuathiriwa nao. Kwenye mdeki K. alimwekea alama mbili, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu uliojazwa, ili asije akashindilia mara mbili. Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu katika msimu huu uharibifu wa namna hii ndio unaowapotezea wageni wanyama wengi, na dawa yake haigharimu chochote.

Jioni ya risasi

Siku ya tatu utabiri ulisema theluji ya sentimita 10 hadi 15 ingeanza karibu na saa sita usiku, na upepo ulikuwa umegeuka kutoka mashariki, kama ilivyo kawaida mfumo wa theluji unapokaribia. Kulungu huongeza kula kabla ya dhoruba, hivyo wote wawili waliamini kwamba ile ndiyo jioni yenyewe. Lakini upepo wa mashariki uliharibu nafasi ya mahindi, kwa kuwa ungepeleka harufu ya mtu magharibi, juu ya njia yao. K. alibaki mbali kusini mwa shamba. S. alihamishia dungu lake la kubebeka kwenye ardhi ya umma, magharibi mwa njia, harufu yake ikielekea bondeni kusikopita mnyama.

Kwa upande wa upepo uchaguzi huo ulikuwa mzuri sana. Ila mti uliofaa ulikuwa mita 60 tu kusini mwa uzio wa kaskazini.

Saa 10:40 jike mkubwa alivuka seng'enge, akashuka, akasimama mita 85 kutoka kwenye dungu, ubavu wake ukiwa wazi, mgongo umegeuzwa kidogo. Jua lilikuwa linazama karibu saa 10:50, kwa hiyo muda halali ulibaki nusu saa na zaidi. Jike alianza kugeuka S. akiwa anavuta. Mlio ulitoka vizuri. Hewa ilikuwa na unyevu na imetulia chini ya kilima, moshi mweupe ukatanda mbele ya darubini, na S. hakuona mnyama alivyojikunja wala alikoelekea. Alisikia tu matawi yakivunjika upande wa kaskazini.

Alishindilia tena kabla ya kushuka. Ilimchukua zaidi ya dakika moja, kwani plastiki ya gamba ilikuwa imekakamaa kwa baridi. Akiwa bado juu alichukua uelekeo wa dira kwa simu hadi kwenye mti uliokuwa nyuma ya mnyama, akafunga utepe wa chungwa kwenye dungu, akasubiri dakika 20. Pale alipopigwa jike alikuta nywele za kahawia na, hatua chache mbele, damu nyekundu iliyokolea, isiyo na povu. Alama zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye uzio. S. alisimama hapo, akaweka utepe wa pili, akampigia simu K.

Maamuzi kwenye uzio

S. alitaka kuvuka mara moja. "Kaka mkubwa, theluji ikija tutapoteza damu yote," alisema, na hoja yake ilikuwa na uzito. K. alikataa kwa sababu tatu.

Ya kwanza ilikuwa damu. Damu ya mapafu huwa na wekundu mwepesi na povu, na mnyama wa namna hiyo hufuatwa baada ya nusu saa. Damu iliyokolea bila povu, pamoja na mnyama aliyekuwa akigeuka, ilionyesha ini. Kulungu aliyepigwa ini hufa, lakini kwa kawaida huhitaji saa nne hivi. Akiachwa hulala karibu. Akishtuliwa huamka na kwenda mbali, tena bila kudondosha damu nyingi. Kumsukuma kulikuwa na maana ya kumpeleka kwenye ardhi ya mtu wa nne. Saa nne kutoka saa 10:40 ni saa 2:40 usiku, na theluji ilitarajiwa saa sita.

Sababu ya pili ilikuwa bunduki. S. alikuwa nayo begani, giza likiingia. Ilibidi bunduki zote mbili, yake na ya K., zirudi garini, fataki zitolewe, zifungiwe.

Ya tatu ilihusu mwenye ardhi. K. alimpigia afisa wa wanyamapori wa eneo hilo, ambaye alithibitisha kwamba wangeweza kuingia bila silaha hata bila idhini, lakini akashauri wajaribu kwanza kumpata mwenyewe. K. alikwenda hadi nyumbani kwa jirani wa kaskazini na kupiga hodi. Nyumba ilikuwa na giza. Hakuwa na namba yake ya simu, wala mkulima wa mashariki hakuwa nayo. Alirudi tena baadaye, hali ikawa ileile. Katikati ya safari hizo walimtafuta mtu mwenye mbwa wa kufuata damu, ambaye Iowa huruhusu atumiwe akiwa amefungwa kamba. Waliyempata alikuwa mbali na tayari anamshughulikia mnyama wa mtu mwingine.

Saa 2:15 usiku theluji ilianza, mapema kuliko utabiri. Hapa ndipo penye uamuzi mgumu kuliko yote. Saa tatu na nusu zilikuwa zimepita tangu risasi, sheria iliwaruhusu kuingia, na kila dakika ilifuta damu. K. aliamua kuendelea kumsubiri mwenye ardhi. Aliniambia sababu bila kuficha: watu wawili weusi wenye tochi, wasiojulikana, usiku, kwenye malisho ya mtu aliyewahi kuwakatalia, na mtu huyo akirudi nyumbani akaona taa mlimani bila kujua ni za nani.

Usiku na asubuhi yake

Jirani alirudi saa 2:50. K. alijieleza mlangoni, akataja utepe ulipo, akasema bunduki zimefungiwa. Jirani alikubali bila kusita, akaomba wapitie lango la magharibi ili wasiwasumbue ng'ombe, na akachukua namba zao. Waliingia saa 3:15, wakiwa bado wamevaa nguo za chungwa, theluji ikiwa imefikia sentimita nne.

Chini ya mierezi, ambako matawi yalizuia theluji, walifuata damu kwa mita 60 hivi. Palipofunguka uwazi ilipotea. Walitembea kwa mistari iliyolingana, mmoja akibaki kwenye alama ya mwisho, mwingine akitafuta, hadi saa 5:15 walipoacha. K. alihofia mambo mawili: kumwamsha mnyama ikiwa bado hai, maana hawakuwa na njia ya kummaliza, na kukanyaga alama ambazo mwanga wa asubuhi ungeweza kuzionyesha.

Asubuhi jirani alitoka na trekta kuwapelekea ng'ombe nyasi, akaona kunguru wamekusanyika juu ya mwerezi mmoja, akapiga simu. Jike alikuwa chini yake, karibu mita 190 kutoka kwenye uzio na mita 40 tu kutoka mahali walipoishia usiku. Joto lilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri. Koyote walikuwa wamefungua tumbo na kula paja moja la nyuma.

Matokeo

S. alifunga lebo palepale kabla ya kumsogeza mnyama, na akatoa taarifa kwa Idara siku hiyohiyo. Mabega, shingo, minofu ya mgongoni na paja la pili vilikuwa vizima. Kilichoguswa na koyote au na uchafu wa tumbo kilikatwa na kutupwa. Risasi ilikuwa imepita kwenye ini na kugusa ukingo wa pafu moja upande wa pili. Kwa kuwa ugonjwa sugu wa kudhoofisha kulungu umekuwemo miongoni mwa wanyama wa porini Iowa tangu 2013, sampuli ya tezi za shingo ilipelekwa kupimwa, na nyama ilikaa kwenye friza bila kuliwa hadi majibu yaliporudi kwamba ugonjwa haukugunduliwa. Jirani alipewa mnofu mmoja wa mgongoni, akapokea.

Wakati wa kuagana alisema neno ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa hiki. Alimkumbuka K. Alisema miaka ile miwili iliyopita aliombwa ruhusa ya kuwinda, akakataa kwa sababu ya ng'ombe wake. Angeombwa ruhusa ya kumchukua mnyama aliyeanguka tu, angekubali siku hiyohiyo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri ni nidhamu ya S. baada ya risasi. Alama kutoka juu ya dungu, subira ya dakika 20, kusoma nywele na damu, na kusimama kwenye uzio ndivyo vilivyofanya mnyama huyo apatikane hata kidogo. Mtumiaji wa bunduki ya kisasa mara nyingi humwona mnyama akianguka au akikimbia. Mwenye gobore hunyimwa hilo na moshi, na kadiri hewa inavyotulia ndivyo unavyokaa. Aliyezoea kutegemea macho yake huanza kuzungukazunguka na kukanyaga ushahidi. S. alijua uelekeo wake kabla mguu haujagusa ardhi.

Utaratibu mpya wa baruti pia ulithibitika. Jioni ya tatu ilikuwa na unyevu kuliko ya kwanza, na gobore lililia bila kuchelewa.

Uamuzi wa kusubiri umepingwa na baadhi ya wawindaji niliowasimulia. Wanasema theluji ilikuwa inajulikana, hivyo wangevuka ndani ya nusu saa. Sikubaliani nao. Alama zilionyesha ini, na kidonda kilipofunguliwa kilithibitisha ini. Jike alilala mita 190 ndani kwa sababu hakuna aliyemfuata. Kwa risasi kama ile, mnyama anayesukumwa jioni anaweza kuvuka mashamba mawili kabla ya kulala tena, na hapo theluji ingemfunika moja kwa moja.

Saa ile moja kati ya 2:15 na 3:15 ni jambo jingine, na hapa nimefikiri kwa muda mrefu. Kwa kumwangalia mnyama peke yake, walipaswa kuingia chembe ya kwanza ya theluji ilipoanguka: muda wa ini ulikuwa karibu kutimia, sheria iliwalinda, na afisa alikuwa na habari. Naamini kwamba wangempata usiku uleule, kabla ya koyote. Hata hivyo siwezi kumlaumu K. Kifungu cha sheria humlinda mtu mahakamani. Hakimwondolei hofu mwenye nyumba anayeona tochi mlimani, na wala K. hakuwa amekosea kuhusu nani angeibeba hatari ya hofu hiyo. Kwa hali waliyokuwa nayo saa 2:15, alichagua sawa. Kosa ni kwamba walikuwa katika hali hiyo, na hali hiyo ilitengenezwa miezi mingi kabla.

Mtu anayewinda karibu na mpaka ana maombi mawili tofauti ya kupeleka kwa jirani. La kwanza ni kuwinda, ambalo mwenye ardhi ana sababu nyingi za kulikataa: mifugo, watoto, jamaa zake wanaowinda hapo, au kupenda utulivu. La pili ni kumfuata mnyama bila silaha, na sababu za kulikataa ni chache mno. K. aliyachanganya yote mawili kuwa moja, akapokea jibu la lile la kwanza, akaondoka akidhani mlango wote umefungwa. Hata pale ambapo sheria haimlazimishi mwindaji kuomba, kama Iowa, ombi hilo humpa namba ya simu, na namba ya simu usiku ule ilikuwa na thamani ya saa ile moja. Katika majimbo ambayo hayana kifungu kama cha Iowa, mwindaji asiye na idhini hubaki amesimama kwenye uzio hata kama mnyama anaonekana.

Kuhusu mahali pa dungu hukumu yangu ni kali zaidi. Mita 60 kutoka kwenye uzio, na njia inayotoka upande wa uzio huohuo, ni karibu mno kwa gobore. Kulungu aliyejeruhiwa hurudi anakojua pana usalama, na nyayo zote za majuma yale zilionyesha kwamba usalama ulikuwa kwa jirani. Hata mnyama aliyepigwa mapafu yote mawili huweza kukimbia mita 100 kabla ya kuanguka. Kwa hiyo pale hata risasi bora ingeweza kuishia ng'ambo. Kushuka mita 120 zaidi kuelekea kijitoni kungebaki na upepo uleule na njia ileile, huku mnyama akifika dakika chache baadaye, ambazo muda halali ulizitosha. S. alichagua mti kwa kufikiria mnyama atakakotokea. Hakufikiria atakakoangukia.

Risasi yenyewe naigusa kwa ufupi. Umbali ulikuwa ndani ya uwezo wake, lakini jike alikuwa ameanza kugeuka, na mwenye risasi moja isiyorudiwa kwa haraka hana budi kungoja mnyama asimame tena. Dhoruba inayokuja huleta tamaa ya kumaliza jioni hiyohiyo. Inapaswa kuleta tahadhari zaidi, kwa kuwa ndiyo itakayofuta damu.

Kuna pia dhana ambayo K. mwenyewe ameiacha, kwamba ardhi ya watu binafsi ndiyo yenye kulungu na ya umma ni ya wasio na bahati. Kundi lilikuwa moja. Msongamano wa watu kwenye ardhi ya umma ndio uliowapeleka wanyama kwa jirani asiyewindwa, na mahindi ya mashariki ndiyo yaliyowarudisha kila jioni kupitia kona ile. Katika msimu wa mwisho anayesoma kipande kimoja peke yake atakosa nusu ya maelezo, na ruhusa aliyo nayo kwenye shamba moja haimpunguzii haja ya kujuana na wenye mashamba ya pembeni.

Oktoba iliyofuata K. na S. walikwenda pamoja kwa jirani wa kaskazini, mchana, bila nguo za uwindaji, wakamwomba ruhusa ya kuchukua mnyama tu. Aliwaonyesha ng'ombe watakuwa upande gani kila mwezi na akaomba apigiwe simu hata kama ni usiku wa manane. Dungu la S. limeshushwa hadi kijitoni, na namba za watu wawili wenye mbwa wa kufuata damu zimeandikwa kwenye karatasi inayokaa pamoja na leseni yake.